Umepona? Basi Rudi Kijabe

Mpenzi msomaji, kuna safari za harusi, safari za matanga na safari za kwenda kumwona nyanya mashambani wakati wa Krismasi. Safari hizo hatuhitaji kubembelezwa. Nauli itatafutwa, na ikikosekana itakopwa. Lakini kuna safari moja ambayo wengi wetu huikwepa kwa visingizio chungu nzima, nayo ni ile ya kurudi hospitalini wakati ambapo hatuumwi. Leo nakuomba tufuatane katika safari hiyo. Twende Kijabe.

Amka mapema, kabla jogoo hajawika mara ya pili. Valia sweta nzito, na kama una mtoto mfunge kofia ya sufu, kwa maana huko twendako jua huchelewa na upepo hauchelewi. Teremka hadi upande wa River Road uliko msongamano wa matatu zinazokwenda Naivasha na Nakuru. Mwambie utingo kwamba utashukia njia panda ya Kijabe, kisha ushike kiti cha dirishani upande wa kushoto. Nitakueleza sababu tutakapofika.

Gari likishang'oa nanga, utalipita jiji likiwa bado linapiga miayo. Utapita Westlands, Kangemi na Uthiru, na kufikia njia panda ya Kikuyu. Hapo hapakosi kushuka mtu aliyefunikwa jicho moja kwa kitambaa cheupe, akiongozwa mkono na mwanawe, maana hospitali ya Kikuyu inasifika kote nchini kwa matibabu ya macho. Halafu barabara inaanza kupanda. Hewa inakuwa baridi. Mashamba ya chai yanatandaza zulia lake la kijani kibichi kila upande. Hii ni Limuru, ambako chai ilipandwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1903. Na ndipo pia kilipo kiwanda cha viatu cha Bata, ambacho kimewavisha Wakenya wengi viatu vya shule tangu enzi za babu zetu.

Nilipopita hapo mara ya mwisho nilikuwa nimempakata mwanangu wa kiume mwenye umri wa miaka minne na nusu. Aliinua mguu wake, akanionyesha kiatu chake na kuuliza, "Baba, hiki kilitoka hapa?" Nikamjibu kwamba huenda. Sikumwambia kwamba viatu vyake ndivyo vilivyokuwa vimenikosesha usingizi usiku kucha. Nawe msomaji nitakueleza, ingawa kwa kufanya hivyo ninajianika hadharani.

Mwanangu huyu alizaliwa nyayo zake zote mbili zikiwa zimepinda kwa ndani na kuelekea juu, zikatazamana kama watu wawili wanaonong'onezana. Majirani walisema mengi. Kuna aliyesema mama yake alimcheka mlemavu alipokuwa mja mzito, na kuna aliyesema ni mizimu ya upande wetu. Yote hayo ni upuuzi mtupu. Hali hii humpata mtoto mmoja au zaidi katika kila watoto elfu moja wanaozaliwa ulimwenguni, matajiri kwa maskini, na wavulana hupatwa zaidi ya wasichana. Mara nyingi chanzo chake hakijulikani. Kinachojulikana ni kwamba kano na mishipa inayoshikilia mifupa ya wayo huwa mifupi na iliyokaza, ikauvuta wayo ndani.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Sijui kama kuna methali iliyowahi kuwa tiba, lakini hii imekuwa. Daktari mmoja mzaliwa wa Uhispania, Ignacio Ponseti, aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani, alianza katika miaka ya 1940 kutengeneza njia ya kunyoosha nyayo kama hizo bila upasuaji mkubwa. Alifariki mwaka 2009, lakini njia yake imeenea duniani kote na inatumika hapa kwetu. Mtoto huanza kutibiwa akiwa na wiki chache tu. Wayo wake husukumwa polepole kwa mkono, kisha hufungwa plasta ngumu kuanzia vidoleni hadi pajani. Baada ya wiki moja plasta hufunguliwa, wayo husukumwa tena kidogo na plasta nyingine hufungwa. Aghalabu plasta tano hadi saba hutosha. Kisha, kwa watoto wengi, kano ya kisigino hukatwa kwa sindano ya ganzi, na plasta ya mwisho hukaa wiki tatu.

Plasta hiyo ya mwisho ilipofunguliwa, mke wangu alilia kwa furaha. Nyayo zilikuwa zimenyooka! Lakini tulipewa jozi ya viatu vidogo vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma katikati, vikitazama nje. Tukaambiwa mtoto avae viatu hivyo saa 23 kila siku kwa miezi mitatu, kisha avivae kila anapolala hadi atimize miaka minne au mitano. Tukapewa na kadi yenye tarehe za kurudi.

Mwaka wa kwanza tulikuwa wanafunzi wema. Alipofika mwaka mmoja na nusu, kijana alikuwa akikimbia kama swara. Usiku ndio uliokuwa na vita, kwani alipiga mateke na kulia kila alipovishwa viatu vile. Siku moja mke wangu akanikumbusha kwamba tarehe ya kliniki imefika. Nilimjibu hivi, na maneno haya ningali nayasikia masikioni: "Mama watoto, huu mguu si umenyooka? Nauli ya kwenda na kurudi, na siku ya kazi nipoteze, eti waende wakamtazame mtoto anayekimbia?"

Mke wangu alinyamaza. Viatu vikaingia uvunguni, na kadi ikaingia kwenye droo pamoja na risiti za stima.

Karibu mwaka mzima ulipita. Mama yangu alipotutembelea kutoka mashambani aliketi kwenye kochi, akamtazama mjukuu wake akivuka sebule, kisha akaniita kando. "Mwanangu," akasema, "mbona mtoto huyu anatembea kama anayenyemelea kuku?"

Nilitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona. Kisigino cha kulia hakikuwa kikigusa sakafu. Nilikiinua kiatu chake nikakigeuza, nikakuta soli imelika upande wa nje tu, upande wa ndani ungali mpya. Mguu ulikuwa ukirudi ulikotoka, taratibu, siku baada ya siku, mbele ya macho yangu, nami nilikuwa nikimpigia makofi kwa kukimbia.

Lakini turudi safarini, kwa maana matatu imeshapita Kimende na utingo anagonga mabati. Hii ndiyo njia panda ya Kijabe. Hapa utashuka na kuingia gari jingine linaloteremka upande wa kushoto. Ndani ya gari hili utawatambua wenzako bila kuulizana. Kila mmoja amebeba bahasha kubwa ya kaki yenye picha za eksirei, au mfuko wa plastiki wenye kadi iliyokunjwa mara nne.

Barabara inajipinda kushuka msituni, na mara miti inaachana. Ndipo utakapojua kwa nini nilikushauri ukae dirishani. Bonde la Ufa limefunguka miguuni pako kama kitabu. Mbele yako mlima Longonot umesimama peke yake, mita 2,776 juu ya usawa wa bahari, kinywa chake cha volkeno kikiwa wazi. Nyanda za chini zina rangi ya simba. Huku juu ulipo wewe kuna ukungu na mierezi, na upepo usiojua kupumzika. Jina lenyewe Kijabe linatokana na lugha ya Kimaasai, na maana yake ni mahali pa upepo.

Ni mji mdogo wenye historia ndefu. Reli kutoka Mombasa ilipofika kwenye ukingo huu mwishoni mwa karne ya 19, wahandisi walitatizika namna ya kuteremka bondeni, na kwa muda mabehewa yalishushwa kwa kamba za chuma kabla njia ya kudumu kukamilika. Mwaka 1901 reli ikafika Kisumu. Mwaka 1909 aliyekuwa rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, alifika hapa akaweka jiwe la msingi la jengo la shule ya wamishonari ambayo ingali ipo hadi leo. Hospitali ya Kijabe ilianza mwaka 1915. Na mwaka 1998 ikafunguliwa kando yake hospitali ya watoto wenye matatizo ya mifupa na viungo, ambayo ndiyo iliyokuwa mwisho wa safari yetu.

Ukiwahi kufika kabla kliniki hazijafunguliwa, tafuta kikombe cha chai karibu na lango. Keti kwenye benchi usikilize, kwani hapo utajifunza mengi kuliko redioni.

Kando yangu aliketi nyanya mmoja mwenye kovu jembamba lililokata shingo yake kama mkufu. Aliniambia kwamba miaka kadhaa iliyopita alikuwa na tezi kubwa shingoni, likaondolewa lote. "Kijana," akaniambia, "kidonda kilipona upesi. Nikasema nimemaliza." Alipewa vidonge vya kumeza kila siku, navyo vilipokwisha hakurudi. Baada ya miezi akaanza kuhisi baridi hata jua likiwa utosini. Akawa mzito wa kutembea, mzito wa kufikiri, analala mchana kutwa. Watoto wake walidhani ni uzee. Kumbe tezi hilo ndilo lililokuwa likitengeneza maji fulani ambayo mwili huyatumia kupima kasi ya kazi zake zote, na likishaondolewa lote, vidonge ndivyo vinavyoshika nafasi yake maisha yako yote. Tena kipimo cha vidonge hivyo hakikisiwi. Hujulikana kwa kupima damu. Tangu alipokijua hicho, nyanya hakosi.

Ng'ambo ya meza alikuwepo mama mmoja kijana, amembeba mgongoni mtoto aliyezaliwa na maji mengi kichwani. Madaktari walikuwa wamemtilia mrija mdogo chini ya ngozi unaopeleka maji hayo tumboni. Mrija ule unaweza kuziba, na mtoto anapokua unaweza kuwa mfupi. Kwa hiyo mama huyo ana tarehe zake kwenye kadi, na pia ana dalili alizozikariri kama sala: mtoto akitapika bila sababu, akilala kupita kiasi, akilia kwa maumivu ya kichwa, au utosi ukivimba, hangoji tarehe. Anakuja siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Mwingine alikuwa mwanamke wa makamo aliyekuwa ameondolewa uvimbe kwenye kizazi. Alifurahi sana alipoambiwa kwamba uvimbe ule haukuwa saratani. Lakini alielezwa pia kwamba mwingine unaweza kuota baadaye, na kwamba iwapo atashika mimba, ni lazima wakunga wajue kizazi chake kina kovu, na ajifungulie hospitalini wala si nyumbani. Kuna wangapi walioambiwa hayo wakayasahau langoni?

Nikiwa pale na kikombe changu, nilihesabu wagonjwa niliozungumza nao. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na saratani. Na hapo, msomaji, ndipo mtego ulipo. Saratani tunaiogopa, na mtu aliyetibiwa saratani hakosi tarehe yake, au jamaa zake humsukuma aende. Lakini sisi wengine tukishaambiwa "si saratani", masikio yetu husikia "si kitu". Tunashukuru Mungu, tunapiga simu nyumbani, na kadi inaingia kwenye droo ya risiti za stima.

Ukweli ni kwamba matibabu mengi ni kama nyumba iliyojengwa. Siku fundi anapokukabidhi ufunguo si siku ya mwisho ya kutazama kuta. Mgonjwa wa vidonda vya tumbo vilivyotokana na bakteria humaliza dawa zake akahisi nafuu, lakini ni kipimo kinachofanywa angaa wiki nne baada ya dawa kwisha ndicho kinachoonyesha kama bakteria hao wameisha kweli. Aliyepandishwa presha ya macho hufanyiwa matibabu na haoni tofauti yoyote, kwa hiyo huacha kurudi, ilhali presha hiyo hupofusha kimyakimya na haina maumivu ya kukuonya. Mwili una tabia ya kunyamaza. Tusiuchukulie ukimya wake kuwa cheti cha kupona.

Kliniki ilifunguliwa. Ngoja nikurudishe nyuma kidogo nikuambie jinsi nilivyopokelewa mara ile nilipomrudisha mtoto baada ya karibu mwaka mzima wa kutoonekana. Nilikuwa nimejiandaa kukaripiwa. Njiani nilitunga uongo wa kila aina, kuhusu kazi, kuhusu mvua, kuhusu ugonjwa wa mama yangu. Mhudumu aliifungua kadi, akaziona zile nafasi tupu, akaniuliza swali moja tu kwa upole: "Baba, viatu vya usiku viko wapi?" Uongo wangu wote ukanikauka mdomoni. Nikasema, "Viko uvunguni."

Mtoto alirudishwa kwenye plasta. Safari hii hakuwa mchanga asiyejua kitu. Alikuwa na karibu miaka mitatu, alikuwa na marafiki ploti nzima, na mpira wake. Plasta ilipokauka alinitazama akaniuliza, "Baba, nilifanya makosa gani?" Msomaji, nimewahi kufokewa na wakubwa wangu kazini, nimewahi kuporwa mshahara wote ndani ya matatu, lakini hakuna lililowahi kuniuma kama swali hilo. Nilimwambia ukweli. Nilimwambia kwamba yeye hakukosa. Aliyekosa ni baba.

Wiki kadhaa za plasta zikapita, kisha viatu vya usiku vikarudi kitandani. Daktari alikuwa ametuonya kwamba iwapo mguu wa kulia utaanza kupinda tena, huenda mtoto akahitaji upasuaji wa kuhamisha kano moja kutoka upande wa ndani wa wayo hadi katikati yake. Ndiyo sababu nilikosa usingizi. Safari hii ya leo ndiyo iliyokuwa ya kujua.

Tulipoitwa, daktari hakuanza na mguu. Alikichukua kiatu cha mtoto akakigeuza, akaitazama soli kama mtu anayesoma barua. Kisha akamwambia mtoto atembee hadi mlangoni na kurudi. Akamwambia atembee kwa visigino. Akamwambia achutame kama aliye msalani, nyayo zote zikiwa chini. Kijana akachutama, akatabasamu, na visigino vyote viwili vikakaa sakafuni. Ndipo daktari alipompandisha kitandani, akaushika wayo wa kulia na kuukunja kuelekea juu, polepole, akipima kwa jicho na kwa mkono. Nilihisi kama ni moyo wangu uliokunjwa.

"Unashikilia vizuri," akasema hatimaye. "Upasuaji hatuuhitaji kwa sasa."

Nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibeba tangu Nairobi. Kisha, msomaji, sikio la kufa halisikii dawa, nikauliza tena swali langu la kipumbavu: "Basi daktari, tumemaliza?"

Alinitazama, akamtazama mtoto. "Kwani mtoto amemaliza kukua?"

Akanieleza kwa utaratibu, na ninakupa maelezo hayo jinsi nilivyoyaelewa. Zile kano zilizouvuta wayo ndani tumboni mwa mama hazikufa siku plasta ilipofunguliwa. Zinaendelea kuvuta katika miaka ile ile ambayo wayo unakua kwa kasi zaidi. Viatu vya usiku ndivyo vinavyozizuia, na kutovivaa ndicho chanzo kikuu cha mguu kurudi ulikotoka. Kliniki nayo ni jicho la kuona mapema kabla mzazi hajaona. Ndiyo maana mtoto hutazamwa kila baada ya miezi mitatu au minne hadi afikishe miaka mitatu, kisha kila miezi sita, halafu kila mwaka mmoja au miwili hadi mifupa ikomae. Mguu unaoanza kupinda ukionwa mapema, aghalabu plasta chache hutosha. Ukiachwa, kisu kinanolewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa nawe msomaji, huenda huna mtoto mwenye tatizo kama hili. Lakini katika nyumba yako, au katika ploti yenu, hakosi mtu aliyefanyiwa matibabu akaambiwa arudi. Kwa hiyo kabla hatujapanda gari la kurudi nyumbani, niruhusu nikupe mambo machache niliyoyanunua kwa bei ghali.

Kwanza, siku ya kuruhusiwa kutoka hospitalini usikimbilie lango. Uliza maswali matatu: Nirudi lini? Mtatazama nini nikirudi? Na dalili gani zikinitokea nisingoje tarehe? Andika majibu. Akili ya mtu anayekwenda nyumbani ni kama ya mwanafunzi aliyesikia kengele ya kufunga shule, haishiki kitu.

Pili, weka kadi mahali panapoheshimiwa. Yetu sasa imo katika bahasha moja na vyeti vya kuzaliwa. Tarehe nayo imeandikwa kwenye kalenda ya ukutani kando ya mlango wa jikoni, ambapo hata mtoto mwenyewe huiona.

Tatu, nauli ya kliniki ianze kuwekwa siku ile ile unayotoka kliniki. Kiasi kidogo kila wiki hakiumi. Ukingoja hadi juma la tarehe yenyewe, karo na kodi ya nyumba zitakuwa zimeshatangulia. Na kama kweli safari ni ndefu kupita uwezo wako, sema. Waulize wahudumu kama kuna kliniki iliyo karibu nawe inayoweza kumtazama mgonjwa. Kunyamaza na kupotea si jawabu.

Nne, usikatize dawa wala kifaa kwa sababu tu hali imekuwa nzuri. Mara nyingi hali imekuwa nzuri kwa sababu ya dawa hiyo au kifaa hicho. Kama kinamuumiza mgonjwa, au kinamliza mtoto usiku, hiyo nayo ni sababu ya kurudi kliniki ili kirekebishwe. Viatu vya mwanangu, nilikuja kujua baadaye, vilikuwa vimembana. Alihitaji namba kubwa tu. Laiti ningelikwenda siku ile!

Na tano, kama ulikosa tarehe, rudi. Hata kama ni miezi, hata kama ni miaka. Aibu unayoiogopa ni ya dakika moja. Ninakuhakikishia, maana mimi niliionja.

Tulipanda gari la kurudi jua likiwa limevunja ukungu. Juu kwenye njia panda mtoto alitaka kusimama kidogo atazame bonde. Upepo ulimpeperushia kofia, akaikimbilia, nami nikasimama nikitazama visigino vyake. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, vyote vikigusa ardhi. Nilijikuta nikivihesabu. Nadhani nitakuwa nikivihesabu hadi atakapokuwa mwanamume mwenye ndevu, na hiyo ndiyo adhabu yangu, wala siilalamikii.

Tulipofika Limuru alikiona tena kiwanda. Nilimwambia kwamba mwakani, Mungu akipenda, atavaa viatu vya shule vyeusi, vya kufunga kamba, kama vya kaka zake. Akafikiri kwa muda.

"Na vile vya usiku?"

"Vya usiku pia, mpaka ufike miaka mitano."

"Na Kijabe?"

"Tutarudi baada ya miezi sita."

Hakulia. Alikilaza kichwa kifuani pangu, na kabla hatujafika Kangemi alikuwa amelala fofofo, miguu yake miwili ikiwa imenyooka mapajani mwangu. Kadi ilikuwa mfukoni mwa shati, upande wa moyo. Nawe msomaji, ukifunga gazeti hili, hebu ivute droo yako uone kuna kadi gani chini ya risiti za stima.